Tusimpime Ndama Kabla ya Kuuliza Alizaliwa Majira Gani

Katika nchi yetu majina ya watu ni kalenda. Ukikutana na Mbukusu aitwaye Simiyu, huna haja ya kukitazama cheti chake ili ujue kwamba alikuja duniani wakati wa kiangazi. Wafula alizaliwa wakati wa mvua, na Wekesa wakati wa mavuno. Miongoni mwa Wajaluo, Okoth na Akoth ni watoto waliozaliwa mvua ikinyesha. Wakalenjin wana Kiprop na Cherop wao, na kwa upande wa ukavu wana Kipkemei na Chepkemei. Waborana nao humwita mtoto Roba, jina ambalo ndani yake mna mvua. Wazee waliotunga majina haya hawakuwa wakicheza na maneno. Walifahamu kwamba wakati wa kuzaliwa si tarehe tupu. Ni hali ya ghala, ni kiasi cha maziwa kifuani mwa mama, na aghalabu ni afya ya mtoto mwenyewe.

Mimi ni mwanaisimu, na yamkini msomaji atauliza mtu wa fonolojia na sintaksia anatafuta nini zizini. Kilichonipeleka huko ni msamiati. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu zoezi la kukusanya maneno ya majira katika lugha za nyumbani kwao. Wanafunzi watokao katika jamii za wakulima huleta orodha nzuri. Wale watokao katika jamii za wafugaji huleta daftari zima. Waborana wana ganna, yaani mvua kuu inayoanza Machi. Adolessa, baridi kavu inayoifuata. Hagaya, mvua ya pili. Na bona, ukavu wenye joto. Wasomali wana gu, hagaa, deyr na jilaal. Lililonivutia zaidi ni jinsi wanafunzi hao walivyoyafasiri maneno yenyewe. Mara nyingi fasili haikuanza na mawingu wala jua. Ilianza na ng'ombe: kama ana maziwa au hana, kama ndama amesimama au amelala, kama dume linafukuza majike au limejilalia kivulini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma maandishi ya wataalamu wa mifugo na kuzungumza na wafugaji, na hoja ninayoileta leo imetokana na masomo hayo mawili. Uzito wa ng'ombe wa nyama hauna maana kamili mpaka ujue alizaliwa majira gani. Wafugaji wanalijua jambo hili. Sayansi inalijua. Lakini shule zetu, minada yetu na mipango yetu mingi ya kuendeleza ufugaji haina desturi ya kuliuliza swali hilo.

Tulitazame jambo lenyewe polepole. Sehemu kubwa ya nchi ya malisho, kutoka Kajiado hadi Marsabit, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. (Siku hizi nasikia watu wakisema "mvua ndefu" na "mvua fupi", kana kwamba mvua ni kamba. Masika na vuli ni maneno yetu, na hayajachakaa.) Kati yake huja kiangazi cha Januari na Februari, na ukavu wa baridi unaoanza Juni ukaendelea hadi Septemba.

Ng'ombe huchukua mimba kwa takriban siku 285, na wenye nundu aghalabu huzidisha siku chache. Lakini ng'ombe aliyekonda hahitaji dume. Mwili wake hulinda uhai wake kwanza. Mvua huleta majani, majani huleta mwili, na mwili ukirudi ndipo jike huingia joto. Kwa hiyo katika malisho ambamo madume hutembea na majike mwaka mzima, mimba nyingi hushikwa mvua ikiwa imekwisha kushika kasi au inaelekea ukingoni. Sasa tuhesabu. Jike aliyepandwa mwanzoni mwa Mei atazaa karibu na tarehe 10 Februari. Aliyepandwa mwanzoni mwa Desemba atazaa karibu na katikati ya Septemba. Tarehe zote mbili zinaangukia mkiani mwa ukavu, majuma machache kabla ya mvua kurejea. Maumbile yamempangia ndama azaliwe akiisubiri mvua.

Kwa nini aisubiri, na asizaliwe ndani yake? Ndama wa Boran huzaliwa akiwa na kilo 25 hadi 30 hivi. Jambo la kwanza analolihitaji ni dang'a, maziwa yale ya mwanzo yaliyo mazito na ya manjano, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya maradhi ambayo hakuzaliwa nayo. Utumbo wake huipokea kinga hiyo kwa muda wa siku moja hivi tu, na saa sita za kwanza ndizo bora kabisa. Baada ya hapo, kwa miezi miwili au mitatu, ndama ni mnyama wa maziwa. Tumbo lake kuu la kucheulia halijakomaa, na hata akitafuna majani hayamfai sana. Maziwa ya mama hupanda hadi kilele chake karibu na mwezi wa pili, kisha huanza kushuka, na hapo ndama hulazimika kujitafutia. Maana yake ni kwamba ndama huhitaji majani mara mbili: kwanza kupitia kwa mamaye, halafu kwa kinywa chake mwenyewe. Mvua moja haiwezi sikuzote kumtimizia mahitaji yote mawili.

Mchukue ndama aliyezaliwa Februari. Majuma yake ya kwanza ni magumu. Mama amekonda, nundu imelegea, na maziwa ni haba. Lakini masika ikianza ndama ana majuma sita hivi, na maziwa huongezeka wakati uleule anapoyahitaji zaidi. Ifikapo Mei ana miezi mitatu, na nyasi anazojifunza kula ni laini na za kijani. Ukavu wa Juni unamkuta akiwa tayari ana mwili. Akiachishwa kunyonya mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, vuli iko mlangoni kumpokea.

Ndama wa Aprili hupata maziwa tele tangu siku ya kwanza, na mtu asiyejua atadhani yeye ndiye mwenye bahati kuliko wote. Hata hivyo analala kwenye matope, ananyeshewa usiku, na anakutana mapema na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, yule anayeeneza ndigana, kwa sababu kupe hao huongezeka mvua inaponyesha. Akinusurika, mwezi wa Julai unapofika na yeye anaanza kutegemea majani, majani yenyewe yamekwisha kukauka.

Wa Juni ndiye ninayemhurumia. Kilele cha maziwa ya mama kinaangukia Julai na Agosti, wakati malisho yanapofifia, kwa hiyo kilele chenyewe ni kifupi. Akianza kujilisha Septemba anakuta nyasi zilizogeuka mabua. Nyasi zikikauka hivyo protini yake hushuka, na ikiwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinavyosaga majani tumboni mwa ng'ombe hulegea. Mnyama hushiba lakini hakui. Vuli humpa nafuu ya miezi miwili mitatu, kisha huachishwa kunyonya Januari au Februari, katika joto kali la kiangazi. Amepigwa mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa utoto wake, na watu wakimwona malishoni husema, "Huyu ni mbegu mbaya."

Naomba msomaji asiichukue hesabu hii kama msahafu wa nchi nzima. Trans Nzoia na Uasin Gishu hupata mvua moja ndefu kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Oktoba, na huko ndama wa Juni ana maisha mengine kabisa. Ukambani, vuli ndiyo inayotegemewa zaidi kuliko masika. Magharibi mwa Laikipia mvua kiasi hunyesha Julai na Agosti. Kenya haina kalenda moja ya kuzaa kwa ng'ombe, na ofisa yeyote atakayetoa waraka mmoja wa nchi nzima atakuwa ameandika waraka wa mahali pasipokuwepo.

Katika nchi za baridi mambo hugeuka tena. Kaskazini mwa Marekani imeonekana kwamba ndama waliotungwa mimba wakapitia baridi kali tumboni huzaliwa wakiwa wazito zaidi, kwa kuwa mama akipigwa na baridi damu huelekea kwa wingi zaidi ndani ya mwili, hata kwenye tumbo la uzazi. Joto kali hufanya kinyume. Wafugaji wa huko hupanga ndama wazaliwe theluji inapokaribia kuisha, nyasi zinapokaribia kuota. Nalitaja hili kwa sababu vijana wetu hufundishwa majira manne ya Ulaya hadi wakayakariri kwa mfuatano, na neno "majira ya kuchipua" limeingia vitabuni kama tafsiri ya mojawapo. Huko Kajiado nyasi huchipua mara mbili kwa mwaka. Mtoto wa Kajiado akisoma sentensi kwamba ndama huzaliwa majira ya kuchipua, ataelewa nini?

Mwaka fulani nilimsindikiza shemeji yangu kwenye mnada wa ng'ombe katika Kaunti ya Kajiado. Alitaka maksai wawili. Dalali, kijana mchangamfu, alikuwa akivutana na mzee mmoja juu ya maksai mdogo. Alimfungua kinywa, akamtazama meno, akaona bado ana meno ya utotoni.

"Mzee, huyu ni mdogo mno kwa umri wake," alisema. "Mtazame yule mwingine wako. Wana meno sawa, lakini yule ni mkubwa. Huyu atakuwa na ugonjwa."

"Kijana wangu, huyu hana ugonjwa," mzee alijibu bila kupandisha sauti. "Baba yao ni mmoja. Yule alizaliwa mvua ilipokaribia kuanza. Huyu alizaliwa mvua ilipokatika."

Dalali alicheka, akampa bei ya ugonjwa. Shemeji yangu naye alimchagua yule mkubwa. Mimi nilibaki nikimtazama mzee. Alikuwa na taarifa sahihi, taarifa ambayo mtafiti yeyote angeinukuu katika daftari lake, lakini mnada haukuwa na mahali pa kuiweka. Uliuliza uzito, ukauliza meno, ukauliza rangi na chapa. Majira haukuyauliza.

Tena sina hakika kwamba shemeji yangu alichagua vyema. Mnyama aliyezuiwa na ukavu, akipata malisho mazuri, hukua kwa kasi kuliko mwenzake aliyekuwa ameshiba muda wote. Wataalamu huita hali hiyo ukuaji wa kufidia, na wanunuzi wa ng'ombe wa kunenepesha wameishi kwayo miaka mingi. Kuna mpaka, hata hivyo. Njaa inayompata ng'ombe akiwa na mwaka mmoja na nusu hufidika vizuri. Njaa iliyompata katika miezi yake ya kwanza huacha alama inayodumu zaidi, na wakati mwingine haifutiki kabisa. Ndiyo sababu tofauti kati ya ndama wa majira mbalimbali huonekana wazi kabisa wakati wa kuachishwa kunyonya, kisha hupungua kadiri wanavyokua. Anayeuza maksai wa miaka minne huenda asiione. Anayeuza ndama aliyetoka kunyonya, au ng'ombe wa mwaka mmoja na nusu kwa sababu karo ya mtoto imefika, ataiona mfukoni.

Kwa mitamba hasara ni ya namna nyingine. Mtamba huingia joto la kwanza kwa kutegemea uzito zaidi kuliko umri, aghalabu anapofikia asilimia 60 hivi ya uzito wa ng'ombe mzima. Akipungukiwa na kilo chache masika inapokwisha, hatasubiri mwezi mmoja tu. Atasubiri mpaka vuli imrudishie mwili. Kwa hiyo kilo alizozikosa akiwa ndama zinaweza kuchelewesha uzao wake wa kwanza kwa nusu mwaka au zaidi. Katika malisho duni mtamba anaweza kufika miaka minne au kupita kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na sisi tunabaki kulalamika kwamba ng'ombe wa kienyeji ni wavivu.

Jambo linaloniudhi zaidi ni namna tunavyochagua madume. Mfugaji, au hata kikundi kilichopewa fedha za kuboresha mifugo, huingia zizini na kumchagua dume kijana aliye mkubwa kuliko wenzake. Inaonekana kuwa ni busara. Lakini katika tofauti za uzito wa ndama wakati wa kuachishwa kunyonya, urithi wa damu huchangia takriban robo tu. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na mazingira: maziwa ya mama, malisho, maradhi, na bila shaka majira. Dume aliyezaliwa majuma machache kabla ya masika nzuri anaweza kuwa mkubwa kwa sababu ya bahati, na bahati hairithiwi. Mwenzake wa Juni anaweza kuwa na damu bora na mwili mdogo. Ukiwalinganisha bila kuuliza majira, utamhasi aliye bora na kumwacha aliyebahatika awe baba wa kundi zima.

Wafugaji wanaoandikisha ng'ombe wao rasmi hawafanyi hivyo. Chama cha wafugaji wa Boran nchini, kilichoundwa mwaka 1951, kilikua juu ya msingi wa kuweka kumbukumbu, na katika kumbukumbu hizo tarehe ya kuzaliwa ni jambo la lazima. Kanuni yao ni rahisi: mlinganishe ndama na wenzake waliozaliwa karibu naye, katika malisho yale yale, chini ya mvua ile ile. Walimu watanielewa upesi hapa. Wanajua fika jinsi alama za mtihani zinavyodanganya anapolinganishwa mtoto aliyekula asubuhi na mtoto aliyetembea kilomita sita bila kitu tumboni.

Wapo watakaosema kwamba dawa inajulikana: tenga madume, yaingizwe kwa majike kwa muda wa miezi mitatu tu, ndama wote wazaliwe kwa wakati mmoja unaofaa. Ranchi nyingi hufanya hivyo na hufaidika, kwani hata chanjo, kuweka hereni na kuuza huwa kazi ya mara moja. Maofisa wengine huenda kwa wafugaji wa kuhamahama na ushauri huo huo, na wakikataliwa husema watu hawa hawajaelimika.

Hapo siungani nao. Ranchi huuza nyama, na meneja wake hanywi maziwa ya Boran. Familia ya mfugaji hunywa. Ng'ombe wote wakizaa mwezi mmoja, itafika miezi ambapo hakuna jike hata mmoja mwenye maziwa, na kumbuka kwamba kiwele hicho kimoja kina watoto wawili wanaokigombea, wa ng'ombe na wa nyumbani. Isitoshe, majira uliyoyachagua yakikosa mvua, umepoteza ndama wa mwaka mzima kwa pigo moja. Kuzaa kwa kutawanyika ni akiba. Wala isisemwe kwamba wafugaji hawajui kuzuia uzao. Wamasai wamekuwa wakiwafunga kondoo na mbuzi madume kipande cha ngozi tumboni ili wasiwapande majike kwa wakati usiofaa. Mwenye ujuzi huo, akiacha dume la ng'ombe litembee, ana hesabu yake.

Nadhani njia ya kati ipo, na inaanza kwa kuepuka majira mabaya badala ya kulazimisha majira mamoja mazuri. Katika nchi ya mvua mbili, anayetaka kuepuka ndama wa Juni na Julai inatosha alitenge dume tangu mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Oktoba. Ni majuma saba au nane tu. Katika kipindi hicho majike wengi wamekonda na hawapandwi ovyo, kwa hiyo hasara ya maziwa ni ndogo. Mfugaji mwenyewe ndiye aamue, kwa mvua ya mahali pake, na kama hawezi kulitenga dume kwa sababu malisho ni ya pamoja, basi angalau ajue ni ndama wepi watakaohitaji kuachiwa maziwa zaidi.

Miaka ya karibuni hesabu hizi zimetikiswa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, kaskazini na mashariki mwa nchi mvua zilikosekana au zilipungua mno kwa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Majike waliozaa mwanzoni mwa 2021 na 2022 walizaa wakitarajia masika ambayo haikuja kama ilivyozoeleka. Hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo: jike hushika mimba miezi tisa na ushee kabla, katika mvua moja, kwa kuitegemea nyingine ambayo hakuna anayeiona. Ndama waliopona wakati ule, wengi wao sasa ni ng'ombe wazima. Ukimwona mmoja wao akiwa mfupi wa kimo, usiharakishe kulaumu ukoo wake.

Jambo la ajabu ni kwamba wenye fedha wamekwisha kuielewa kalenda ya mvua. Bima ya mifugo inayotazama ukijani wa malisho kwa setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake Turkana na Wajir. Mpango huo uliugawa mwaka sehemu mbili: Machi hadi Septemba, na Oktoba hadi Februari. Kwa maneno mengine, karani wa bima jijini Nairobi aliuhesabu mwaka kwa mvua, kama mzee wa Borana anavyofanya. Lakini mitamba inayogawiwa wafugaji baada ya ukame huandikwa kwa idadi na rangi. Sijasikia mtu akiuliza wana mimba ya miezi mingapi na watazaa katika majani au katika vumbi. Mtamba atakayezaa Juni mikononi mwa mjane asiye na lishe ya akiba ni zawadi yenye deni.

Nageukia shule, kwa kuwa huko ndiko ninakoweza kusikika. Katika vitabu kadhaa vya Kilimo nilivyovipitia, sura ya kulea ndama ni sura ya ndama wa maziwa: kibanda chake, ndoo yake, lita zake za asubuhi na jioni. Ni elimu njema kwa mtoto wa Kiambu. Ndama wa nyama, anayemfuata mama yake malishoni na asiyeonja ndoo maishani, hupewa aya mbili. Mwanafunzi wa Narok au Isiolo humaliza shule akijua vipimo vya ndoo ambayo hajaiona, asiulizwe hata siku moja kwa nini ndama wa babaye waliozaliwa mwaka mmoja hawalingani.

Hakuna haja ya kungoja mtaala mpya. Mwalimu wa Kilimo anahitaji kipima mvua cha kawaida, mkanda wa kupimia kifua cha ng'ombe, na daftari. Kifua kikipimwa nyuma tu ya miguu ya mbele, kila mwezi, na mtu yule yule, hutoa makisio ya uzito yanayotosha kwa kazi ya darasa, hata pasipo mizani. Mwalimu wa Hisabati awape watoto zoezi la kuhesabu siku 285 mbele na nyuma kutoka tarehe ambazo familia zao zinazikumbuka. Mwalimu wa Kiswahili naye asikae pembeni. Awatume nyumbani wakaulize majina ya majira, na si majina tu, bali kila moja lina maana gani kwa ng'ombe mwenye mimba, kwa anayenyonyesha, na kwa ndama wa miezi mitatu. Watoto wengi watagundua kwamba bibi zao ni maktaba iliyokuwa haijafunguliwa.

Daftari lenyewe liwe na safu za kawaida: jina la ndama, mama, baba, tarehe, kifua. Baada ya tarehe iongezwe safu moja ya mvua aliyozaliwa, na ijazwe kwa lugha ya mahali. Mwalimu wa Marsabit aandike ganna au hagaya, wa Wajir aandike gu au deyr, wa Kwale aandike masika au vuli. Kama ndama amezaliwa katikati ya ukavu, jina la ukavu huo liandikwe vilevile, na karibu yake milimita za mvua iliyofuata. Ukurasa wa kwanza waweza kuanza na ndama yeyote atakayezaliwa karibu na shule muhula ujao.